Usinunue tairi kwa kashata peke yake

Mteja wa tairi akifika kibandani, iwe Ilala, Buguruni au pembezoni mwa barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kitu cha kwanza anachofanya ni kuingiza kidole kati ya kashata. Kidole kikizama, uso unakunjuka na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Punde gari liko juu ya jeki. Hajauliza tairi lilitengenezwa lini, wala lilikusudiwa hali gani ya hewa. Hajalinganisha namba za ubavuni na zile zilizobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Mvua ya kwanza ikinyesha, malalamiko yanaanza. Gari limekuwa jepesi, linayumba kwenye kona, breki zinachelewa. Fundi anaagizwa aangalie shokapu, bolijointi na stelingi, na huenda vyote ni vizima. Kosa lilifanyika kibandani.

Kina cha kashata ni muhimu, lakini ni sehemu moja tu ya hesabu, na ndiyo sehemu inayodanganya kirahisi. Utulivu wa gari barabarani unaamuliwa pia na aina ya mpira, ugumu wa ubavu, umri wa tairi, upepo uliomo ndani yake na jinsi matairi yote manne yanavyofanana. Mambo hayo kidole hakiyaoni. Macho yanaweza kuyaona, ila yafundishwe mahali pa kutazama.

Nguvu yote inapita hapa

Eneo la tairi la gari dogo linalogusa lami kwa wakati mmoja ni kama ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Saluni yenye uzito wa zaidi ya tani moja, pamoja na abiria na mizigo, inasimama juu ya viganja vinne. Kila amri ya dereva hupita hapo: kuongeza mwendo, kukata kona, kushika breki. Hata mfumo wa breki wa ABS hauongezi mshiko ambao tairi halina; kazi yake ni kuutumia vizuri ule uliopo.

Unapokata usukani, gari haligeuki papo hapo. Rimu inaanza kugeuka, ubavu wa tairi unapinda, mpira unaogusa lami unajisokota kidogo, na msokoto huo ndio unaozaa nguvu ya kulivuta gari upande unaotaka. Ubavu ukiwa laini mno au upepo ukiwa mdogo, msokoto unachelewa na dereva anahisi kwamba usukani umelegea. Mpira ukiwa umekauka kwa uzee, hauyashiki tena mashimo madogo madogo ya lami, na gari linateleza mapema kuliko dereva alivyotarajia. Katikati ya kona uzito unahamia kwenye matairi ya upande wa nje, kwa hiyo tairi moja bovu linatosha kuharibu kazi ya matatu mazima.

Ubavu unasema nini

Chukua mfano wa ukubwa unaoonekana kwenye saluni nyingi za Kijapani hapa kwetu: 195/65R15 91H. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani karibu milimita 127. Herufi R inaonyesha kwamba tairi ni rediali, aina iliyoingizwa sokoni na Michelin mwishoni mwa miaka ya 1940 na ambayo leo imeenea kwenye karibu magari madogo yote. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Baada ya hapo inakuja sehemu ambayo wanunuzi wengi huiruka. Namba 91 ni kipimo cha uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, nayo inamaanisha kilo 615. Herufi H ni mwendo wa juu ambao tairi limeundwa kuuhimili, kilomita 210 kwa saa. T ni 190, S ni 180, Q ni 160. Mtu anaweza kusema, "Mimi siendeshi hata 120, herufi hiyo inanihusu nini?" Inamhusu, kwa sababu tairi lililoundwa kwa mwendo mkubwa kwa kawaida lina muundo imara zaidi ndani yake na linavumilia joto vizuri zaidi. Mtengenezaji wa gari alipochagua uzito na herufi ile, alipima pamoja na springi, shokapu na breki. Ukishuka chini ya kiwango chake, umelibadilisha gari.

Kibandiko cha mlangoni au kitabu cha gari ndicho kinachotaja ukubwa sahihi na upepo wake. Hata kama kimeandikwa kwa Kijapani, tarakimu zinasomeka. Anzia hapo, usianzie kwenye tairi ulilolikuta garini, kwa sababu huenda mmiliki aliyekutangulia naye alinunua kwa kidole.

Matairi ya theluji kwenye joto la Pwani

Tatizo hili linatuhusu sana sisi tunaonunua magari na matairi yaliyotumika Japani. Maeneo ya kaskazini mwa nchi hiyo, hasa Hokkaido, hupata theluji nyingi. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari, ambayo yaliichimba lami na kutimua vumbi lililowaathiri watu, hadi sheria ya mwaka 1990 ilipoyabana. Viwanda vikaelekeza nguvu kwenye tairi la baridi lisilo na misumari, ambalo hushika barafu kwa mpira laini sana na kashata zilizochanjwa michirizi mingi myembamba.

Matairi hayo yanafika kwetu, mengine yakiwa bado kwenye magari na mengine kwenye shehena za mtumba. Mara nyingi yana kashata ndefu za kuvutia, na mteja wa kidole huyapenda mara moja. Kumbe mpira ule uliundwa ubaki laini wakati wa baridi kali. Kwenye lami ya Dar es Salaam mchana wa Februari, mpira huo unalainika kupita kiasi. Kashata zinayumba chini ya uzito wa gari, usukani unachelewa kuitikia, umbali wa kusimama unaongezeka, na tairi linalika kwa kasi.

Kulitambua si vigumu. Tafuta ubavuni neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Majina kama Blizzak ya Bridgestone na iceGuard ya Yokohama ni ya matairi ya baridi. Herufi Q mwishoni mwa namba nayo ni dalili ya kukufanya uchunguze zaidi. Matairi haya ni mazuri sana kwao. Kwa barabara ya Chalinze hayafai, na gari likishuka bandarini nayo, gharama ya kuyabadilisha iingizwe kwenye bajeti ya kulinunua.

Umri haufichiki

Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwishoni mwa mfululizo wa herufi na namba zinazofuata kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, liache: utaratibu wa tarakimu tatu ulikoma mwaka 2000 ulipoanza. Wakati mwingine tarehe huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo geuza uone pande zote mbili.

Mpira huzeeka hata kama tairi halijatembea. Hewa, jua na joto huukausha taratibu, na joto letu halisaidii. Viwanda vikubwa vya matairi vinashauri kwamba baada ya miaka mitano ya matumizi tairi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu kutengenezwa liondolewe hata kama linaonekana zima. Watengenezaji kadhaa wa magari wanataja miaka sita. Tairi la akiba lililokaa kwenye buti tangu gari linunuliwe linahesabiwa umri huohuo.

Dalili nyingine zinaonekana kwa macho: nyufa nyembamba ubavuni, uvimbe unaoashiria nyuzi zilizokatika ndani, na kiraka kilichowekwa ubavuni, mahali ambapo pancha haipaswi kuzibwa kabisa. Jihadhari zaidi na kashata zilizochongwa upya. Wapo wanaochukua tairi kipara na kulichimbia mifereji kwa chuma cha moto. Matairi ya gari dogo hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Ni baadhi ya matairi ya malori yanayoruhusiwa, nayo huandikwa REGROOVABLE. Kuchonga tairi la saluni ni kuondoa mpira mchache uliobaki juu ya nyuzi, na mnunuzi anauziwa hatari akidhani ni uzima. Ukiona mifereji isiyolingana kina, au vile vinundu vidogo vya alama ya ulikaji vilivyo ndani ya mfereji vimekatwa, usilichukue.

Tamaa ya rimu kubwa

Vijana wengi wanaamini kwamba gari litashika barabara likivishwa rimu kubwa na tairi pana. Kuna ukweli ndani yake. Ubavu mfupi hupinda kidogo, kwa hiyo usukani huitikia upesi. Lakini mabadiliko haya yana hesabu yake, na msingi wa hesabu hiyo ni kimo kizima cha gurudumu.

Gurudumu la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634 na nusu hivi. La 205/55R16 lina milimita 632. Tofauti ni ndogo mno, na matairi mengi ya ukubwa huo yana kipimo kilekile cha uzito, 91. Mabadiliko ya aina hiyo yanaweza kuboresha uitikiaji wa usukani bila kuvuruga spidi inayoonyeshwa kwenye dashibodi, mradi rimu ziwe za upana na kina sahihi. Sasa tazama 215/45R17. Kipenyo chake ni milimita 625, na ubavu umeshuka hadi milimita 97. Matairi mengi ya ukubwa huo yana kipimo cha 87, yaani kilo 545, pungufu ya kilo 70 kwa kila tairi kulinganisha na lile la awali. Anayelitaka atafute lililoimarishwa, lenye alama XL na kipimo cha 91, na alijaze upepo kulingana na jedwali la mtengenezaji.

Na barabara zetu nazo zina neno lao. Ubavu wa milimita 97 ukiingia kwenye shimo kwa mwendo wa kilomita 70, rimu inaweza kupinda na tairi kupasuka mahali ambapo ubavu mrefu ungesamehe. Kwa mtu anayetoka Dar kwenda Iringa kupitia Kitonga na kuendelea kijijini kwa barabara ya changarawe, ushauri wangu ni kubaki na ukubwa wa kiwandani na kuweka fedha ya rimu kwenye tairi bora la ukubwa huohuo. Usukani mtulivu atauona bila kuongeza hata inchi moja.

Wenye RAV4, Prado na pikapu wana mtihani wa namna yake. Tairi la kashata kubwa za matope, linaloandikwa MT, linapendeza na linafanya kazi kweli porini. Kwenye lami iliyolowa kashata hizo ndefu zinayumba, na mpira unaogusa barabara ni mchache. Kama sehemu kubwa ya safari zako ni lami, tairi la barabara, HT, litakupa breki na kona bora zaidi. AT ni la kati kwa anayegawanya safari zake. Kwa magari yanayoendesha magurudumu yote muda wote, kama Subaru Forester, matairi manne yanapaswa kulingana hata katika ulikaji. Subaru inashauri tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, vinginevyo mfumo wa kugawa nguvu unalazimika kufanya kazi mfululizo na kuharibika.

Masika ndiyo mtihani

Lami kavu husitiri mapungufu mengi. Maji huyafichua. Tairi jipya la gari dogo lina kashata za milimita nane hivi, na kazi kubwa ya mifereji ni kuyatoa maji yaliyo chini ya mpira. Alama za ulikaji zimewekwa kwenye milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha chini kisheria katika nchi nyingi. Uwezo wa kutoa maji hupungua sana kabla ya hapo, ndiyo maana wataalamu wengi wanashauri kubadilisha kwenye milimita tatu. Anayeendesha wakati wa masika afuate ushauri huo.

Upepo nao una sehemu yake. Utafiti wa NASA wa miaka ya 1960 kuhusu matairi ya ndege ulitoa kanuni inayohusisha upepo wa tairi na mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji mengi. Kwa kanuni hiyo, tairi lenye upepo wa psi 33 huelea kwenye kilomita 95 hivi kwa saa. Likishuka hadi psi 20, huelea kwenye kilomita 75. Gari la kawaida si ndege, na kashata nzuri husogeza mpaka huo mbele, lakini mwelekeo ni uleule: tairi lenye upepo pungufu hupoteza barabara mapema.

Tairi jipya huja na taarifa za kukusaidia kuchagua. Yale yanayokidhi kanuni za Marekani yana neno TRACTION ubavuni, likifuatiwa na AA, A, B au C. Hicho ni kipimo cha breki kwenye barabara iliyolowa kwa mwendo ulionyooka. TEMPERATURE ni uvumilivu wa joto, na kwa nchi zetu tafuta A. TREADWEAR ni namba ya kudumu. 400 ilidumu mara nne ya tairi la kulinganishia kwenye jaribio. Usiikimbilie namba hiyo peke yake, kwa kuwa mpira unaodumu sana mara nyingi huwa mgumu na mshiko wake ni mdogo zaidi. Karatasi ya Umoja wa Ulaya, inayobandikwa kwenye matairi mengi mapya, ina alama ya wingu la mvua na daraja kutoka A hadi E. Hapo ndipo mnunuzi anayejali usalama aanze kutazama, kabla ya jina la kampuni.

Mawili mapya yaende nyuma

Fedha ikitosha matairi mawili tu, desturi ya vibanda vingi ni kuyaweka mbele, kwa hoja kwamba ndiko kwenye usukani na injini. Watengenezaji wa matairi wanashauri kinyume chake: mapya nyuma, yaliyobaki na kashata nzuri kiasi mbele.

Sababu ni jinsi gari linavyoteleza. Matairi ya mbele yakipoteza mshiko kwenye maji, gari linaelekea kunyooka badala ya kugeuka. Dereva analihisi kwenye usukani, anaachia mafuta, mwendo unapungua na mshiko unaweza kurudi. Ya nyuma yakipoteza mshiko, mkia wa gari unatangulia, na ni madereva wachache wanaoweza kulirudisha. Hii inahusu gari la kuvutwa mbele na la kusukumwa nyuma vilevile. Kama ya zamani yamekuwa kipara, hayafai popote, mbele wala nyuma.

Matairi ya ekseli moja yawe ya kampuni moja, aina moja, ukubwa mmoja na ulikaji unaokaribiana. Manne yakifanana ni bora zaidi. Yenye mshale ubavuni yafungwe kufuata mshale. Yaliyoandikwa OUTSIDE upande mmoja, upande huo utazame nje. Simama hapo fundi akifunga, uangalie kabla gari halijashuka kwenye jeki.

Baada ya kufunga

Tairi zuri kwenye gari lisilo na alaimenti ni fedha inayosagwa na lami. Fanya balansi na alaimenti siku hiyohiyo, na kabla ya kuyatupa matairi ya zamani yasome: kama yamelika katikati, upepo ulizidi; kama yamelika kingo zote mbili, upepo ulipungua; kama yamelika upande mmoja, alaimenti imehama; kama yana mabonde mabonde, shokapu zimechoka au balansi haikuwapo. Chanzo kisiporekebishwa, matairi mapya yatafuata njia ileile.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi, angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu, kwa namba ya kibandiko cha mlangoni. Namba ya MAX PRESS iliyoandikwa ubavuni ni ukomo wa tairi, si upepo wa gari lako. Na usipunguze upepo kwa kuwa tairi limepata joto njiani. Upepo kupanda kwa joto ni jambo la kawaida, na ukiupunguza, utakuwa pungufu tairi likipoa. Tairi lenye upepo mdogo hupinda mno hadi linaungua ndani, na hapo ndipo penye chanzo cha milipuko mingi ya matairi kwenye safari ndefu.

Miaka ya nyuma Arusha ilikuwa na General Tyre, na Nairobi ilikuwa na kiwanda cha matairi ya Yana hadi mwaka 2016. Mnunuzi aliweza kupata tairi lililotengenezwa na jirani anayezijua barabara hizihizi. Leo soko letu linategemea zaidi meli, na kontena moja linaweza kuchanganya tairi la wiki iliyopita la kiwanda kizuri na tairi la theluji la miaka tisa. Mzigo wa kutenganisha umebaki kwa mnunuzi.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wangu ni huu. Kwanza ukubwa, uzito na herufi ya mwendo vifikie vile vya mlangoni. Pili, tarehe iwe ya karibu. Tatu, lisiwe la theluji. Nne, daraja la barabara iliyolowa liwe zuri kadiri mfuko unavyoruhusu. Jina kubwa la kampuni lije baada ya hayo. Tairi jipya la bei ya kati lililotimiza masharti hayo ni salama kuliko tairi la mtumba lenye jina kubwa na historia isiyojulikana. Muuzaji mwaminifu atakugeuzia tairi usome pande zote mbili. Anayekataa kuligeuza, mwachie tairi lake.